Kinanda si Mali ya Makumbusho

Hoja iliyochapishwa kwamba kinanda cha mabomba ni mali ya makumbusho, na kwamba wapigaji wake hurudia tu kazi za Bach, haina mashiko. Mwandishi wake amsikilize Thierry Escaich, Mfaransa aliyezaliwa 1965. Mbali na kupiga kinanda, ametunga opera: Claude (2013) na Shirine (2022), zote zikioneshwa kwanza Lyon. Tena, tarehe 7 Desemba 2024, kanisa kuu la Notre-Dame la Paris lilipofunguliwa upya baada ya moto wa 2019, yeye na wapigaji wenzake walikiamsha kinanda chenye mabomba yapatayo 8,000. Askofu mkuu alikiita kinanda, nao wakamjibu kwa muziki walioubuni papo hapo. Sanaa inayozaliwa mbele ya wasikilizaji haijafa. Anayetaka kukihukumu kinanda, akisikilize kwanza.