Mwezi wa Kwenye Simu

Ndugu zangu, kugombania mwandamo hatukuanza leo. Wapo wanaofuata mwezi wa nchi, wapo wanaofuata tangazo la Saudia, na kila upande una masheikh wake na dalili zake. Hilo sina neno nalo. Linaloniuma ni simu zetu. Jioni ya mwezi 29 Ramadhani, hata Magharibi haijaadhiniwa, picha za hilali zimeshatapakaa kwenye makundi ya WhatsApp. Imepigwa wapi? Lini? Hakuna anayeuliza. Ushahidi wa mwezi una masharti yake: aliyeuona ajulikane, aulizwe, aaminike. Picha ya kusambaziwa haina mwenyewe.

Programu za falaki zingetusaidia sana hapa. Zinaonyesha mwezi umezaliwa saa ngapi, na utazama dakika ngapi baada ya jua. Ukiwa umetangulia kuzama kabla ya jua, anayedai kauona jioni hiyo amekosea, hata awe mcha Mungu vipi. Na wengi hawajui kuwa Mombasa na Makka ziko karibu mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 40 hivi mashariki, na saa zetu ni zile zile. Tukihitilafiana na Saudia, tusisingizie tofauti ya saa.

Madhara ya kuamini picha hizo tumeyaona: mwaka mmoja mama alishakaanga kaimati na kupika tambi, nguo za watoto zimepigwa pasi, ndipo tukaambiwa kesho ni funga. Watoto walilia. Maimamu wetu, tunawaomba: anayetangaza ataje nani kauona, na kauonea wapi.