Urithi wa mwanamieleka haupimwi kwa mikanda

Mnamo Aprili 2025, kampuni ya mieleka ya WWE ya Marekani ilifanya jambo ambalo haikuwa imewahi kulifanya. Pamoja na kuwatunuku wanamieleka wastaafu, kama ilivyo ada yake kila mwaka, ililitunuku pambano zima: lile la Bret Hart na Steve Austin, lililopiganwa karibu na jiji la Chicago mnamo Machi 23, 1997. Mashabiki walifurahi, na papo hapo ubishi wa zamani ukafufuka. Kati ya Hart na hasimu wake wa daima, Shawn Michaels, ni yupi aliyeacha urithi mkubwa zaidi?

Yamkini wapo wasomaji watakaokunja uso na kuuliza mada hii inatafuta nini katika ukurasa kama huu. Mieleka ya kulipwa, watasema, ni maigizo matupu, na mshindi hujulikana kabla kengele haijalia. Hilo ni kweli, wala halina haja ya kufichwa. Hata hivyo, mwalimu wa fasihi hamkatazi mwanafunzi kumlilia mhusika eti kwa sababu kifo chake kiliandikwa na mtunzi. Fauka ya hayo, wengi wa wale waliokuwa wakiangushana nyasini nyuma ya mabweni katika miaka ya tisini, kila mmoja akijiita kwa jina la shujaa wake wa televisheni, ndio walimu wa leo. Walichokitazama wakati huo kilikuwa na uzito zaidi ya walivyodhani.

Hart alizaliwa Calgary, nchini Kanada, mnamo 1957, akiwa mtoto wa nane kati ya 12. Baba yake, Stu Hart, alikuwa mwanamieleka, mwandalizi wa mapambano na mwalimu mkali ambaye wanafunzi wake walikibandika jina la gereza chumba cha chini ya nyumba yake walimofunzwa. Mabinti wote wanne wa mzee huyo waliolewa na wanamieleka. Kwa Hart, basi, mieleka haikuwa kazi tu, bali ukoo. Michaels, aliyezaliwa 1965, alikuwa mwana wa mwanajeshi wa kikosi cha angani. Alilelewa San Antonio, Texas, akafunzwa na Jose Lothario, na kuanza kupigana mnamo 1984. Yeye hakurithi chochote katika fani hii. Alijitafutia.

Wote wawili walianza kwa kupigana katika timu za watu wawili, na wote wawili walikuwa wadogo wa umbo walipolinganishwa na majitu ya enzi ya Hulk Hogan. Bahati yao ilitokana na balaa la wengine. Mapema katika miaka ya tisini, kashfa ya dawa za kutunisha misuli iliikumba kampuni hiyo, wakati huo ikiitwa WWF, hata mmiliki wake, Vince McMahon, akafikishwa mahakamani na kuachiliwa mnamo 1994. Misuli ya kupindukia ikawa aibu, na mlango ukafunguliwa kwa watu wenye ufundi. Hart alitwaa ukanda wa ubingwa kwa mara ya kwanza mnamo Oktoba 1992. Michaels aliupata Machi 31, 1996, huko Anaheim, kwa kumshinda Hart huyo huyo baada ya dakika 60 ambazo hakuna aliyemwangusha mwenziwe, ikabidi muda uongezwe.

Shabiki wa kawaida hukimbilia kuhesabu mikanda. Hart alikuwa bingwa wa WWF mara tano na wa kampuni pinzani ya WCW mara mbili. Michaels alipata ubingwa wa dunia mara nne. Lakini ukanda wa mieleka haushindwi, hutolewa. Anayeutoa ni tajiri, na huutoa kwa yule anayeamini atamjazia viti. Kuwapima watu hawa kwa mikanda ni sawa na kumpima mwigizaji kwa idadi ya mara alizovishwa taji la mfalme jukwaani.

Tukiiweka mikanda kando, nakiri bila kusita kwamba kwa kipawa cha ulingoni Michaels alikuwa mbele. Aliweza kuufanya mwili wake useme: akianguka, mtazamaji aliumia, akiinuka, uwanja mzima uliinuka naye. Pambano lake na Undertaker mjini Houston mnamo Aprili 2009, akiwa na umri wa miaka 43, wengi hulitaja miongoni mwa mapambano bora kuliko yote. Hart hakuwa na madaha hayo. Alikuwa kama fundi seremala ambaye viungo vya meza yake havionekani. Kila pigo lilikuwa na sababu, na kila sababu ilitokana na pigo lililotangulia.

Hata hivyo, Hart alikuwa na jambo moja ambalo wenzake walilithamini kuliko makofi ya mashabiki. Hujivunia hadi leo kwamba katika miaka yote ya kazi yake hakuwahi kumjeruhi vibaya mtu aliyepigana naye. Asiyeijua mieleka atacheka. Lakini kuigiza pigano ni kumkabidhi mwenzako shingo yako, ukitumaini atairudisha kama alivyoipokea. Lile pambano lililotunukiwa mwaka 2025 ndilo ushahidi bora wa ufundi huo. Hart aliingia ulingoni akipendwa, Austin akichukiwa. Austin alifungwa miguu, damu ikimchuruzika usoni, akakataa kusalimu amri mpaka akazirai. Kufikia mwisho, Hart aliyeshinda alikuwa akizomewa, na Austin aliyeshindwa alikuwa shujaa. Aliyepata ushindi ndiye aliyetoa sadaka, na kutokana na sadaka hiyo kampuni ilimpata nyota aliyeiokoa.

Miezi minane baadaye, mambo yaligeuka.

Mnamo 1996 Hart alikuwa amekataa mamilioni ya dola ya WCW na kutia sahihi mkataba wa miaka 20 na WWF. Mwaka mmoja haukupita sana kabla ya McMahon kumweleza kwamba hangeweza kuumudu, akamruhusu kuwaendea wapinzani. Tatizo lilikuwa ukanda, ambao Hart alikuwa ameushika. McMahon alitaka ampoteleze Michaels ubingwa huo mjini Montreal, Novemba 9, 1997. Hart alikataa kushindwa katika ardhi ya Kanada na mtu ambaye alikuwa ameidhalilisha bendera ya nchi hiyo mbele ya kamera na ambaye, kwa masimulizi ya Hart, alimwambia waziwazi kwamba yeye hangekubali kushindwa kwa ajili yake. Mkataba wake ulimpa kauli katika uamuzi wa aina hiyo katika siku zake za mwisho kazini. Ikaafikiwa kwamba pambano livunjike kwa vurugu, kisha ukanda ukabidhiwe baadaye kwa heshima.

Siyo yaliyotokea. Michaels alimfunga Hart miguu kwa mtindo uliokuwa alama ya Hart mwenyewe. Hart hakusalimu amri. McMahon, akiwa amesimama kando ya ulingo, aliamuru kengele ipigwe, na mwamuzi Earl Hebner akatoroka. Hart alimtemea mate tajiri wake usoni, akaandika hewani kwa kidole jina la kampuni aliyokuwa akihamia, kisha katika chumba cha kubadilishia nguo akamwangusha kwa ngumi. Ngumi hiyo haikuwa ya kuigiza. Michaels aliapa usiku ule kwamba hakujua lolote. Miaka kadhaa baadaye alikiri kwamba alijua kila kitu.

Haki inatudai tuutazame upande wa pili. Ni desturi kongwe ya mieleka kwamba anayehama hushindwa kabla ya kuondoka, ili thamani yake ibaki alikoitengeneza. Aidha, McMahon alikuwa na jeraha ambalo halijapona: mnamo Desemba 1995 bingwa wake wa kike alikuwa amehamia WCW na kuutupa ukanda wa WWF katika pipa la taka, televisheni ikionyesha. Na Hart mwenyewe hakuwa malaika. Aliuchukulia ukanda wa kuigiza kama kwamba ulikuwa mfupa wa babu yake, na kiburi hicho ndicho kilichomfikisha kwenye ukuta. McMahon aliwaambia watazamaji baadaye kwamba Bret alijiangamiza mwenyewe. Kuna chembe ya ukweli humo, lakini ni chembe tu. Mwajiri aliyekosa kuutimiza mkataba wa miaka 20 hakuwa na mamlaka ya kimaadili ya kumhubiria mfanyakazi wake habari za uaminifu.

Aliyefaidika na usaliti huo hakuwa hata Michaels. Kutokana na hasira ya mashabiki, McMahon aliiumba sura ya tajiri dhalimu, akaiigiza yeye mwenyewe, na ugomvi wake na Austin ukawa ndio uti wa mgongo wa kipindi. Dhuluma halisi iligeuzwa bidhaa, na aliyeitenda akawa mwenye mauzo.

Waliobaki walilipa. Michaels alikuwa ameumia mgongo Januari 1998, akampotezea Austin ukanda mwezi Machi, na kukaa nje zaidi ya miaka minne. Kwa Hart, msiba uliandamana na msiba. Mdogo wake, Owen, alifariki Mei 23, 1999, mjini Kansas City, alipoanguka akiteremshwa kutoka juu ya ukumbi kwa ajili ya kibwagizo cha kuchekesha, onyesho likaendelea. Familia ililipwa dola milioni 18 nje ya mahakama. Desemba mwaka huo huo, Hart alipigwa teke la kichwa lililomjeruhi ubongo na kuimaliza kazi yake. Yule ambaye alijivunia kutomjeruhi mtu alijeruhiwa na asiyejua kujizuia. Mnamo 2002 alipatwa na kiharusi.

Hapa ndipo suala la urithi linapokuwa gumu. Michaels alirejea ulingoni Agosti 2002, akiwa ameokoka na kubadilika, akapigana hadi 2010. Miaka hiyo minane ya pili ndiyo iliyolisafisha jina lake. Aidha, alikuwa ameanza kufundisha: shule aliyoifungua San Antonio mnamo 1999 ilimpokea kijana aitwaye Bryan Danielson, ambaye alikuja kuwa mmoja wa mafundi wakubwa wa kizazi chake. Leo Michaels anasimamia ubunifu wa NXT, kitengo cha WWE kinachowalea chipukizi. Urithi wake una ofisi, una wanafunzi na una mshahara.

Urithi wa Hart ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine. WWF iliinunua WCW mnamo 2001, hivyo takriban kila pambano lake kubwa, la huku na la kule, likawa mali ya kampuni iliyomsaliti. Mnamo 2005 kampuni hiyo, ambayo sasa inaitwa WWE, ilikuwa ikiandaa mkusanyiko wa kanda kuhusu maisha yake, na jina lililokusudiwa lilikuwa la kumdhihaki. Hart alilazimika kurudi mezani na kushirikiana nao ili kisa chake kisimuliwe kwa staha. Mwaka uliofuata alikubali kutunukiwa. Wako waliomwita msaliti wa msimamo wake. Mimi namwona kama mtu aliyetambua kwamba mwenye kanda ndiye mwenye kumbukumbu. Januari 4, 2010, alipeana mkono na kukumbatiana na Michaels mbele ya kamera, na kwa wote wawili machozi yalikuwa karibu.

Nikilazimika kuamua, basi, nitasema hivi: Michaels aliwaachia vijana mfano wa namna ya kung'aa, na mfano huo unaigwa kila wiki, mara nyingine na watu wanaoiga kuruka kwake bila kuukumbuka mgongo wake. Hart aliwaachia namna ya kumrudisha mwenzako nyumbani akiwa mzima, pamoja na swali ambalo kampuni haijapenda kulijibu, nalo ni je, jina la mfanyakazi na jasho lake ni mali ya nani? Kwa sababu ya swali hilo, na si kwa sababu ya mikanda saba, naupa urithi wa Hart uzito zaidi. Najua kwamba walimu wa michezo ya kuigiza wataniambia nimeuchagua mkataba badala ya sanaa. Pengine ni kweli.

Lakini mwalimu wa Kenya, ambaye chama chake cha KNUT kiliundwa mwaka ule ule wa 1957 aliozaliwa Hart, ataielewa hoja hii kwa urahisi zaidi kuliko shabiki wa Texas. Wanamieleka wa WWE hadi leo huandikishwa kama wakandarasi huru, si waajiriwa, ingawa kampuni ndiyo inayowaamulia wapigane lini, na nani, na nani ashindwe. Mnamo Januari 2025 kipindi kikuu cha kampuni hiyo kilihamia Netflix kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 5. Wanaopigana ndani ya kipindi hicho hawana chama cha wafanyakazi.