Dakika 20 za maji



Mwezi uliopita mtoto wa mmoja wetu alimwagikiwa na maji ya bugali yaliyokuwa yakichemka. Tulisikia kilio tukiwa kwenye likelemba, tukakimbia wote, kila mmoja na dawa yake: huyu mafuta ya mawese, yule unga wa muhogo, mwingine dawa ya meno. Tukampaka. Alipofikishwa kituo cha afya, muganga ilibidi kwanza aondoe yote tuliyopaka, na mtoto akalia mara ya pili kwa sababu yetu.

Tulimwomba muganga yule aje kutufundisha, akakubali.

Alituambia kwamba maji yakisha kumwagika, joto linaendelea kuingia ndani ya ngozi, na mafuta yanalifungia humo. Kinacholitoa ni maji safi ya baridi ya kawaida, yamiminwe polepole kwa dakika 20. Hata kama saa moja au mbili zimepita, bado yanasaidia. Vua nguo na bangili mapema kabla mwili haujavimba, lakini nguo iliyoganda kwenye ngozi iache. Lengelenge usilipasue. Sehemu nyingine ya mwili ifunike, mtoto mdogo asipate baridi. Halafu funika kidonda kwa kikwembe kilichofuliwa, uende kituoni.

Mtasema: dakika 20 za maji, na kisima kiko kule bondeni? Ni kweli. Kama maji ni machache, lowesha kitambaa safi, ukiweke juu, ukibadilishe mara kwa mara. Na bidoni moja ya nyumbani isiguswe kwa kazi nyingine. Sisi tumeanza hivyo.

Kwa nyoka nako tulikuwa tukikosea: wembe, kamba iliyokazwa, na jiwe jeusi ambalo wengi wetu tumelikuta kwa wazazi wetu. Jiwe hilo halivuti sumu. Mguu ufungwe kwenye ubao kama uliovunjika, usitikisike, na mgonjwa asitembee hata hatua chache. Abebwe kwa pikipiki au kipoyi, upesi, bila kusubiri kuona kama atavimba.

Kubeba kunataka nguvu, na hapo tulijicheka. Muganga alileta mto akatuonyesha namna ya kukandamiza kifua cha mtu mzima ambaye hapumui tena: mara 100 hadi 120 kwa dakika moja, kwa uzito wa mwili wote. Sisi tunaotwanga sombe kila siku tulijivuna. Dakika mbili hazikuisha, mikono ikatetemeka! Ndiyo sababu inafaa watu wapokezane.

Basi tukazungumza juu ya mazoezi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za kutumia mwili kwa juma, na kwenda shamba kwa miguu kunahesabiwa, kutwanga vilevile. Kwa hiyo hatutamwambia mama aliyerudi na beseni la muhogo kichwani aende kukimbia. Yeye anahitaji kunyoosha mgongo. Lakini wale wetu wanaokaa sokoni toka asubuhi hadi jioni, miguu imevimba, hao wanahitaji kutembea.

Wakati ndio taabu. Nyumbani hauko, ukisimama tu, mtu anakuita. Tumekubaliana kuuchukua ndani ya likelemba: nusu saa kabla ya kufungua sanduku, robo ya kunyoosha mwili, robo ya kujifunza jambo moja kwa mikono. Baba mmoja aliuliza kama sasa tumekuwa wanajeshi. Tulimkaribisha aje kubeba kipoyi.

Siku ya posho hii tunafunga kidonda kinachotoka damu nyingi. Kila mmoja alete kikwembe kizee kilichofuliwa. Mama wa yule mtoto, ambaye kidonda chake kinaendelea kupona, ameomba awe yeye wa kulala chini kama mgonjwa.