Kona ya Michezo: Scaloni, yule yule wa West Ham

Wadau, shabiki wa West Ham ukimtajia Lionel Scaloni ananuna. Fainali ya Kombe la FA 2006 wanaongoza 3-2, Scaloni akaokoa mpira ovyo, Gerrard akasawazisha dakika za majeruhi. Liverpool wakashinda kwa penalti.

Mwaka 2018 akapewa Argentina, na hajawahi kuwa kocha mkuu wa klabu yoyote! Hata Maradona alimponda.

Mimi namkubali kwa sababu haogopi majina. Qatar 2022, walipofungwa 2-1 na Saudi Arabia, mechi iliyofuata alibadilisha watano. Fainali wakaanza Mac Allister, Enzo Fernández na Álvarez, ambao siku ya Saudia hawakuanza. Lautaro akakaa benchi, na Ufaransa wakafungwa kwa penalti.