Damu iliyotukinga na malaria, dawa ikaigeukia

Mwaka 2008 dawa ya malaria iitwayo Lapdap iliondolewa sokoni. Haikuwa bandia. Ndani yake mlikuwa na dapsoni, na kwa baadhi ya wagonjwa dapsoni ilivunja chembe nyekundu za damu, hata wengine wakahitaji kuongezwa damu. Wagonjwa hao walizaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo.

La ajabu ni kwamba upungufu huohuo ulienea Afrika na Uarabuni kwa sababu una kinga ndani yake. Watafiti wa Kilifi walionyesha mwaka 2015 kuwa wasichana waliorithi jeni moja yenye kasoro na moja nzima hupatwa na malaria kali kwa uchache kuliko wenzao. Wavulana hawakuonekana kuipata kinga hiyo. Jeni yenyewe hukaa kwenye kromosomu X, na mvulana anayo moja tu. Ikiwa na kasoro, hana ya akiba. Dada akanufaika, kaka akabaki na hatari ya dawa.

Kwetu Wapwani jambo hili lina uzito zaidi. Aina iliyozoeleka Afrika ni nyepesi kiasi. Ile ya nchi za Bahari ya Kati, ambayo iko pia Oman na Ghuba, ni kali. Nasaba zetu zimechanganyika karne nyingi, na hakuna ajuaye amerithi ipi kwa kutazama sura au kutaja ukoo. Tena si dawa peke yake. Hata hina apakwayo mtoto mchanga imewahi kuvunja damu ya watoto wenye upungufu huu, na hilo, najua, bibi zetu hawatalipenda.

Sisemi tukimbie dawa. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2012 kuwa dozi moja ndogo ya primakwini yaweza kutolewa bila kupima G6PD. Lakini tafenokwini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, haitolewi kabla ya kipimo. Basi nawauliza wakuu wa afya wa kaunti zetu: zahanati ya kisiwani Pate, au ya Vanga kule mpakani, inacho kipimo hicho? Na mama akieleza kuwa mwanawe alikojoa mkojo mweusi kama kahawa baada ya kumeza dawa, maneno yake yaandikwa wapi, ili daktari wa pili ayaone?