Waraka kwa Wanachama: Mtaro Nao ni Mtambo wa Umeme

Kwa: Wanachama wote wa umoja wa wakaaji, Muhumba, komini ya Ibanda
Kutoka: Kamati
Kuhusu: Mitaro yetu na umeme wetu

Baba na mama zetu, ndugu, vijana,

Katika kikao kilichopita tulibishana mchango uende wapi: kwenye taa za avenyu au kwenye mitaro. Wengi walisema taa ni miundombinu, mtaro ni kazi ya usafi tu. Kamati haikubali mgawanyo huo.

Kipimo chetu ni kimoja. Kitu ambacho kikisimama, vingine vinasimama pamoja nacho, hicho ndicho miundombinu, kiwe cha saruji, cha waya, au cha mikono ya watu.

Tufuate basi maji ya mvua. Yanashuka kutoka vilimani pamoja na chupa, mifuko na vizibo, yanapita mitaroni na kuingia Ziwa Kivu. Ziwa hili lina njia moja tu ya kutokea, mto Ruzizi, na njia hiyo inaanzia hapa hapa Bukavu. Kilomita chache chini yake liko bwawa la umeme la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, lenye uwezo wa karibu megawati 30. Kinachoelea ziwani huvutwa huko. Mwaka 2022 plastiki ilikwamisha mmoja wa mitambo ya bwawa hilo, na wafanyakazi hushinda wakiopoa taka badala ya kutunza mashine. Chini zaidi iko Ruzizi II, ambayo umeme wake hugawanwa na Kongo, Rwanda na Burundi tangu 1989. Kwa hiyo chupa iliyotupwa Muhumba haikosi njia ya kufika hadi kwenye giza la jirani.

Umeme ukikatika, mashine ya kusaga muhogo hunyamaza, samaki sambaza wa mama muuzaji huharibika, na simu iliyobeba pesa za familia huzimika. Mtaro umefaulu kipimo.

Wapo watakaosema: shirika la umeme SNEL linatoza, kodi inakusanywa, wanaozipokea pesa hizo watengeneze. Ni kweli, na madai hayo tutaendelea kuyapeleka komini bila kuchoka. Lakini hakuna afisa anayetoka ofisini kuja kutupa chupa katika mtaro wetu. Sisi ndio tunaozitupa. Wala si afisa aliyejenga ukuta juu ya njia ya maji ili kuongeza mita mbili za paraseli. Zamani za ukoloni, mji huu ulipoitwa Costermansville, ulikuwa na watu wachache sana kuliko sasa. Mitaro michache iliwatosha. Leo kila upenyo unaozibwa unammwagia maji jirani wa chini.

Wapo pia wenye jenereta na paneli za jua, wanaoona jambo hili haliwahusu. Jenereta hukomea ukutani kwako. Haliwashi taa barabarani, halileti maji bombani, wala halizuii kipindupindu kuvuka uzio.

Kamati inaomba haya:

1. Kila paraseli isafishe mtaro unaopita mbele yake, na taka zisirudishwe mtaroni wala zisipelekwe ziwani.
2. Salongo, kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi, ianzie mitaroni. Asiyeweza kufika atume mtu au alipe kibarua.
3. Sehemu ya mchango wa kila mwezi iwalipe vijana wanaozoa taka, na walipwe kwa wakati. Kazi yao nayo ni miundombinu. Wakiacha, yote yaliyotajwa hapa yanasimama.
4. Aliyejenga juu ya njia ya maji aifungue mwenyewe, kabla majirani hawajampeleka komini.

Taa za avenyu tutaziweka. Lakini mitaro kwanza, maana taa bila umeme ni nguzo tu. Tukutane Jumamosi, kila mmoja na jembe lake.

Kamati
Muhumba, Bukavu