Viroba vilipigwa marufuku, mbona mtoto wa mlevi bado hana daftari?

Leo sina udaku, nina jambo linaniuma.

Mnakumbuka tarehe 1 Machi 2017 serikali ilivyopiga marufuku pombe za viroba. Tulishangilia, na ilikuwa haki, maana kiroba kilikuwa cha bei chee na kinajificha mfukoni, hata mwanafunzi aliweza kutembea nacho. Kenya walishafanya hivyo 2004, Uganda wakafuata 2019. Safi sana. Lakini nyumbani kwa mlevi kulibadilika nini?

Huku Rungwe pombe ya kijijini haikuwahi kukaa kwenye kiroba. Kuna kimpumu, kuna komoni, na gongo ambayo sheria inaikataza lakini mnaijua. Sisemi kimpumu ni dhambi. Wazee wanakunywa kwa mirija kwenye sherehe, kisha wanarudi kwao kwa heshima. Nazungumzia baba (au mama, tusidanganyane) ambaye hela ya ndizi na majani ya chai inaishia kilabuni.

Tangu Januari 2016 ada imefutwa mpaka kidato cha nne. Basi mtu anasema mtoto akiacha shule ni uvivu wake. Wapi! Imefutwa ada, sio sare, daftari wala njaa. Halafu kuna usingizi. Mtoto wa kwanza ndiye anakesha kusikiliza baba anarudije leo. Akija anaimba, afadhali. Akija kimya, wadogo wanaamshwa wanakimbizwa kwa bibi. Asubuhi akatie ng'ombe majani, afike shule amechelewa, asinzie, achapwe.

Nilisoma na mmoja wa hivyo. Hesabu alikuwa anatupita wote. Form two akaacha, akaenda kubeba ndizi ili wadogo zake wale. Miaka 15, tayari mzazi wa baba yake!

Kwa mtazamo wangu tunakosea pa kuanzia. Ukoo unakaa kikao kumsema mlevi, anaomba msamaha, kikao kinafungwa. Hakuna aliyemuuliza mtoto amekula nini. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi atoe chakula, mavazi, matibabu na elimu, na kulewa sio udhuru. Kuna afisa ustawi wa jamii pale halmashauri, na simu namba 116 ya watoto ni bure. Ila kabla hawajafika, jirani upo: sahani moja ya ziada, mahali pa kulala siku baba akichafuka. Na mwalimu aulize kwanza, fimbo aiweke pembeni.

Na wewe unayesoma hapa huku moyoni unajua ni baba yako: sio kosa lako, na hata ukipata division one haitamwachisha pombe. Mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, umwambie. Aibu sio yako.

Wadau, mtaani kwenu mtoto kama huyu anasaidiwa na nani? Semeni.